Fasihi ya Vijana Darasani: Tuwaulize Nini Walimu wa Lugha?

Utangulizi

Nianze na kisa kifupi kilichonitokea darasani hapa Emali. Ilikuwa enzi ambapo Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine ilikuwa miongoni mwa vitabu teule, na siku hiyo tulikuwa tukichambua hadithi ya Eunice Kimaliro, "Mtihani wa Maisha". Bila shaka unamkumbuka Samueli, kijana anayeanguka mtihani na kuamua kujitosa majini. Kipindi ni cha dakika arubaini, nami nilikuwa nimezitenga zote kwa ajili ya mbinu za uandishi. Tulizitaja, tukazitolea mifano, wanafunzi wakaandika. Kengele ilipolia, mvulana mmoja wa Kidato cha Tatu akabaki nyuma. Akaniuliza, "Mwalimu, Samueli aliopolewa. Je, asingeopolewa?" Nikamjibu huku nikikusanya vitabu vyangu, "Hilo haliwezi kuulizwa katika mtihani." Akasema, "Sawa, mwalimu," akaenda zake.

Usiku ule sikupata usingizi vizuri. Mwanafunzi yule alikuwa amefanya jambo ambalo walimu wa fasihi tunalililia kila siku. Alikuwa amesoma kazi ya fasihi akajiona ndani yake. Nami, mwalimu mwenye shahada ya elimu, nilikuwa nimemfungia mlango kwa ufunguo wa mtihani.

Kesho yake nilimweleza mwenzangu anayefundisha Kiingereza kisa hicho. Nikamuuliza yeye hufanya nini anapopata swali la aina hiyo. Mazungumzo yetu katika majilisi ya walimu ndiyo yaliyozaa wazo la kuwahoji walimu wa lugha kuhusu fasihi ya vijana: wanaitumia au hawaitumii, kwa nini, na kwa njia gani. Makala haya yananuia kukueleza mambo matatu. Kwanza, fasihi ya vijana ni ipi. Pili, namna ya kuandaa uchunguzi mdogo miongoni mwa walimu wa shule yako au wa eneo lako, bila kurudia makosa niliyoyafanya mimi. Tatu, jinsi mwalimu na mtahiniwa wanavyoweza kufaidika kutokana na majibu yatakayopatikana.

Fasihi ya vijana ni ipi?

Swali hili ni jepesi kuliuliza, ila si jepesi kulijibu. Kuna wanaodai kwamba fasihi ya vijana ni kazi yoyote inayosomwa na vijana. Maana hii ni pana mno. Mwandishi David Maillu, mzaliwa wa Kilungu katika Makueni hii yetu, alichapisha katika miaka ya 1970 vitabu vidogo vya Kiingereza kupitia kampuni yake ya Comb Books. Vitabu hivyo vilisomwa na vijana kwa wingi, tena kwa kificho, na nchini Tanzania vikapigwa marufuku. Hata hivyo, After 4.30 haikuandikiwa mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Kusomwa na vijana hakutoshi kukifanya kitabu kiwe cha vijana.

Wengine husema kwamba ni kazi yoyote yenye mhusika kijana. Maana hii nayo ina kasoro. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, inamfuata msichana tangu nyumbani kwa baba mkali hadi shuleni na kwingineko. Mhusika mkuu ni kijana, lakini riwaya hiyo ilizua ubishi mkubwa hata ikazuiwa shuleni kwa muda. Ni mfano mzuri wa kazi inayowahusu vijana ambayo watu wazima waliogopa kuwakabidhi vijana wenyewe.

Kwa madhumuni ya makala haya, tuichukue fasihi ya vijana kuwa ni kazi yenye sifa zifuatazo:

(a) Mhusika mkuu ni kijana, na matukio yanaonekana kwa macho yake, si kwa macho ya mzee anayemhukumu.

(b) Mgogoro wake ni wa umri wake: kujitafuta, urafiki, mapenzi ya kwanza, kugombana na wazazi, mtihani, karo, kuhama kijiji kwenda mjini.

(c) Lugha yake haimlazimu msomaji kuchungulia kamusi katika kila sentensi.

(d) Mwisho wake humwachia msomaji nafasi ya kuamua. Haumalizii kwa mahubiri.

Huko Marekani, wengi huihesabu The Outsiders ya S. E. Hinton, iliyotoka mwaka 1967, kuwa mojawapo ya vitabu vilivyoipa fasihi hii sura yake ya kisasa. Mwandishi wake alianza kuiandika akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Huku kwetu Afrika Mashariki hatukuachwa nyuma. Vitabu vya Barbara Kimenye kuhusu mvulana mtundu aitwaye Moses vilisomwa na vizazi kadhaa. Katika Kiswahili, Ken Walibora, aliyetutoka mwaka 2020, aliwaandikia wasomaji wachanga novela kama vile Ndoto ya Amerika, ambayo anwani yake peke yake hutosha kuzua mjadala darasani. Riwaya yake Siku Njema, ya mwaka 1996, ni mfano bora wa riwaya ya makuzi. Kijana anayefiwa na mama anaondoka Tanga kwenda kumtafuta baba asiyemjua, na njiani anakua.

Vijana wamo tayari katika vitabu teule

Yamkini msomaji atauliza: mbona tuhangaike na vitabu vingine ilhali vitabu teule vipo? Jibu ni kwamba hatuhitaji kwenda mbali. Ukivitazama upya vitabu vilivyotahiniwa katika miaka ya karibuni, utaona kuwa vijana wamejaa humo, ila sisi huwapita.

Katika Kidagaa Kimemwozea, Amani na Imani ni vijana wasio na kwao, wanaosingiziwa kifo cha mtoto mchanga waliyemhurumia. Amani ndiye aliyeibiwa mswada wake na mtu mzima anayesifika kwa uandishi. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, Umu na ndugu zake, Dick na Mwaliko, wanaachwa na mama, wanafiwa na baba, kisha wanatenganishwa na yaya waliyemwamini. Katika "Mame Bakari" ya Mohamed Khelef Ghassany, Sara ni msichana wa shule anayetendewa unyama na kubeba mimba asiyoitaka, huku akihofia zaidi watakavyomwona wazazi, walimu na wanafunzi wenzake.

Hata Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, ambayo kwa mtazamo wa haraka ni tamthilia ya wazee Yona na Sara, ina swali la vijana ndani yake: ni nani atakayewauguza wazazi, na binti aliyeolewa ana deni gani nyumbani kwao? Waulize wanafunzi wako swali hilo Ijumaa alasiri uone kama kuna atakayesinzia.

Kwa hiyo, tatizo si uhaba wa vijana katika vitabu. Tatizo ni kuwa tumezoea kumfundisha Umu kama orodha: sifa za Umu, umuhimu wa Umu, mbinu zilizotumiwa kumsawiri Umu. Mwanafunzi anaikariri orodha hiyo kutoka kwenye mwongozo, naye Umu mwenyewe hakutani naye kamwe.

Kwa nini tuwaulize pia walimu wa Kiingereza?

Kuna walimu wa Kiswahili watakaonishutumu kwa kubisha hodi katika idara ya jirani. Ninazo sababu tatu.

Kwanza, mwanafunzi ni yule yule. Aliyekuwa akisoma Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet katika kipindi cha pili, enzi kilipokuwa kitabu teule, ndiye aliyekuwa akisoma Kiswahili katika kipindi cha tatu. Riwaya hiyo ya mwaka 2008 inawahusu wasichana wawili, Taiyo na Resian, wanaokabiliwa na tohara na ndoa za lazima. Hapa Emali, mji ulio mpakani mwa Makueni na Kajiado, barabara ya kwenda Loitokitok inapochipuka kutoka ile kuu ya Mombasa, wanafunzi wa Kikamba na wa Kimaasai huketi dawati moja. Kitabu cha aina hiyo si habari ya mbali kwao. Wapo wasichana waliokisoma wakiwa na binamu waliopitia hayo hayo. Mwalimu wa Kiingereza aliyeendesha mjadala huo ana maarifa ambayo mwalimu wa Kiswahili anayahitaji.

Pili, mitihani yetu inafanana katika shinikizo. Mtahiniwa wa Kiswahili hukabiliwa na karatasi ya tatu yenye alama 80, ambapo anajibu maswali manne, kila moja alama 20, kutoka katika riwaya, tamthilia, hadithi fupi, ushairi na fasihi simulizi. Mwenzetu wa Kiingereza naye ana vitabu vyake teule na hofu zake. Inafaa kujua kama hofu hizo zinamfanya afunge milango tunayoifunga sisi.

Tatu, vitabu vya Kiingereza vya vijana ni vingi zaidi katika makabati ya shule nyingi. Yafaa tuchunguze kama wingi huo unasaidia kweli, au vitabu vinaota vumbi tu.

Makosa ya hojaji yangu ya kwanza

Hojaji ya kwanza niliyoiandaa ilikuwa na maswali sita. La kwanza liliuliza: "Je, unakubali kwamba fasihi ya vijana huwavutia wanafunzi kusoma?" La pili: "Je, unaonaje umuhimu wa fasihi ya vijana katika kukuza maadili?" Niliwagawia wenzangu wachache wakati wa chai. Walijaza kwa dakika tatu na kunirudishia. Kila mmoja alikubali. Kila mmoja aliona umuhimu mkubwa. Nilifurahi kama mtoto aliyepewa andazi.

Kisha nikatulia, nikajiuliza: nimejifunza nini? Sikujua kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia na kitabu kama hicho darasani. Maswali yangu yalikuwa yamebeba majibu mgongoni. Ni nani atakayeandika kwamba hakubali vijana wavutiwe na kusoma? Isitoshe, walinijua, tuliketi meza moja, na hakuna aliyetaka kunivunja moyo. Karatasi zile nilizihifadhi kabatini kama ukumbusho, wala sitakutajia hesabu yake kwa sababu haina maana yoyote.

Kutokana na kosa hilo, nimeandaa mwongozo ufuatao.

Hatua za kuandaa uchunguzi

1. Amua unachotaka kujua. "Fasihi ya vijana" ni bahari. Chagua swali moja kuu, kwa mfano: ni nini huwazuia walimu wa lugha katika eneo letu kutumia kitabu cha vijana kisichotahiniwa? Ukiwa na swali moja, utajua lipi la kuacha.

2. Toa maana ya istilahi mwanzoni mwa hojaji. Usipofanya hivyo, mwalimu mmoja atafikiria hekaya za sungura na fisi, mwingine atafikiria riwaya za mapenzi, nawe utajumlisha maembe na machungwa. Sentensi mbili na mifano miwili ya vitabu zinatosha.

3. Uliza kuhusu vitendo kabla ya maoni. Mtu husahau maoni yake ya jana, lakini hukumbuka alichofanya muhula uliopita. Afadhali kuuliza "Muhula uliopita ulitumia kitabu gani kisicho teule darasani?" kuliko kuuliza "Je, vitabu visivyo teule ni muhimu?"

4. Epuka maswali yanayoelekeza. Swali lenye "je, unakubali" karibu kila mara huelekeza. Epuka pia swali lenye maswali mawili ndani yake, kama vile "Je, unavyo vitabu na unavitumia?" Anayevyo asivyovitumia atajibu nini?

5. Changanya maswali funge na maswali wazi. Swali funge hukupa kitu cha kuhesabu. Swali wazi hukupa sababu. Maswali wazi yasizidi matatu, kwa kuwa mwalimu mwenye rundo la insha za kusahihisha hataandika kurasa nne kwa ajili yako.

6. Linda siri. Usiulize jina. Katika eneo dogo kama letu, hata kuuliza "umefundisha miaka mingapi, katika shule gani, somo gani" kunaweza kumtambulisha mtu. Uliza yale tu utakayoyatumia. Weka bahasha au kisanduku, karatasi zisipitie mikononi mwako moja moja.

7. Omba ruhusa. Ukitoka nje ya shule yako, zungumza kwanza na mwalimu mkuu wa shule unayokwenda. Ni heshima, na pia ni kinga kwako.

8. Jaribu hojaji yako kwa watu wawili au watatu ambao hutawahesabu baadaye. Keti nao wanapojaza. Pale watakapokunja uso, pana swali bovu.

Mfano wa maswali

Haya hapa ni maswali unayoweza kuyachukua, kuyapunguza au kuyarekebisha:

(i) Unafundisha somo gani: Kiswahili, Kiingereza au jingine?

(ii) Taja kitabu cha mwisho cha vijana, kisicho teule, ulichokisoma wewe mwenyewe. Ulikisoma mwaka gani?

(iii) Muhula uliopita, ulitumia vipindi vingapi kwa usomaji usiohusu vitabu teule? (Hakuna, 1 hadi 3, zaidi ya 3)

(iv) Shule yako ina nakala ngapi za kitabu kimoja cha vijana, kile kilicho na nakala nyingi zaidi?

(v) Ni nini hukuzuia zaidi? Chagua kimoja tu: muda, uhaba wa nakala, shinikizo la mtihani, hofu ya malalamiko kuhusu maudhui, kutojua vitabu vya kuchagua, hakuna kinachonizuia.

(vi) Eleza kwa ufupi swali moja ambalo mwanafunzi aliwahi kukuuliza kuhusu mhusika kijana. Ulijibu vipi?

(vii) Kama ungepewa nakala arubaini za kitabu kimoja kesho, ungetaka kiwe kipi, na kwa nini?

Msomaji makini atagundua kwamba swali la (ii) linamhusu mwalimu mwenyewe. Si swali la kumwaibisha mtu. Haiwezekani kumpendekezea kijana kitabu usichokisoma. Mimi nilipojaribu kulijibu kwa uaminifu, ilinibidi nifikirie kwa muda mrefu kuliko ningependa kukiri. Swali la (vi) nalo ndilo ninalolithamini kuliko yote, na nadhani unajua ni kwa nini.

Namna ya kuyasoma majibu

Baada ya kukusanya karatasi, panga majibu ya maswali funge katika jedwali, walimu wa Kiswahili upande mmoja na wa Kiingereza upande mwingine. Ikiwa uliwafikia walimu kumi na wawili, sema kumi na wawili. Usigeuze kuwa asilimia na kudai kwamba "walimu wa Kenya wanaona". Walimu kumi na wawili wa Emali na Sultan Hamud ni walimu kumi na wawili, basi. Wana thamani yao, lakini hawawezi kumsemea mwalimu wa Lodwar au wa Lamu.

Kisha soma majibu ya maswali wazi mara mbili kabla ya kuyapanga katika makundi. Jihadhari na maneno yanayofanana yenye maana tofauti. "Sina muda" ni jibu utakalolipata kwa hakika. Lakini muda una sura nyingi. Kuna asiye na muda kwa sababu silabasi haijakamilika. Kuna asiye na muda kwa sababu anafundisha masomo mawili na ana zamu ya bweni. Na kuna anayesema hana muda kwa kuwa anaogopa mjadala asioweza kuudhibiti. Tiba ya kila mmoja ni tofauti. Wa kwanza anahitaji mpango wa kazi, wa pili anahitaji mwenzake, wa tatu anahitaji ujasiri na mafunzo.

Hofu ya malalamiko kuhusu maudhui nayo isipuuzwe. Mzazi anayesikia kwamba binti yake amesoma kuhusu mimba shuleni ana haki ya kuuliza. Lakini mkumbushe kwamba "Mame Bakari" ilikuwa katika mkusanyiko uliotahiniwa, na kwamba kimya hakijawahi kumlinda msichana. Majirani zetu wa Tanzania walilikabili jambo hili mapema. Kwa miaka mingi, watahiniwa wa kidato cha nne huko walisoma tamthilia kama vile Kilio Chetu na Orodha, ambazo zinazungumzia Ukimwi na mahusiano ya vijana bila kumumunya maneno. Walisoma pia Takadini, inayohusu mtoto aliyezaliwa na ulemavu wa ngozi, na Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, inayohusu watoto wa mama muuza chakula. Tena mtahiniwa wa huko mara nyingi hutakiwa kutumia vitabu viwili kujibu swali moja. Mtindo huo humlazimisha kulinganisha, na kulinganisha ni nusu ya uhakiki.

Kutoka hojaji hadi darasani

Uchunguzi usioishia darasani ni kazi bure. Hapa napendekeza njia moja ambayo haiongezi mzigo wala haiibi vipindi vya mtihani: kuoanisha. Chukua kitabu teule, kipe rafiki mmoja wa vijana, na utumie kipindi kimoja kila baada ya wiki mbili.

Tuseme unafundisha maudhui ya malezi. Mpe mwanafunzi sura mbili za Siku Njema na sura zinazomhusu Umu katika Chozi la Heri. Sasa uliza: watoto hawa wawili wanamtafuta nani? Katika Siku Njema ni kijana mwenyewe anayesimulia kwa nafsi ya kwanza. Katika Chozi la Heri, kwa sehemu kubwa, msimulizi yuko nje ya wahusika. Je, ni yupi tunayemwamini haraka zaidi? Ni yupi tunayemhurumia? Kwa nini? Bila hata kulitaja neno "mtazamo" ubaoni, mwanafunzi amekwisha kuuelewa. Ukilitaja baadaye, litakuwa jina la kitu anachokijua.

Kama kuna nakala tano tu, usikate tamaa. Gawa darasa katika makundi matano. Kila kundi lisome kwa zamu na kuandika ukurasa mmoja wa shajara ya mhusika. Shajara hizo zibandikwe ukutani. Utastaajabu kuona wanaopita wakisimama kuzisoma.

Jambo jingine: andaa jibu la mlango. Namaanisha jibu la yule mwanafunzi anayebaki nyuma baada ya kengele. Huhitaji kuwa mshauri nasaha. Unahitaji kusema, "Hilo ni swali zuri. Keti tuzungumze," au kama una kipindi kingine, "Nisubiri saa kumi." Kisha, ikiwa swali linamhusu yeye mwenyewe kuliko mhusika, umpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha, tena uende naye.

Kwa mtahiniwa

Nawe mtahiniwa unayesoma makala haya, usidhani kwamba yanamhusu mwalimu peke yake. Mtahini hutambua kwa haraka mtu aliyesoma kitabu na aliyesoma mwongozo. Aliyesoma mwongozo huandika, "Samueli ni mwoga." Aliyesoma kitabu huandika kwamba Samueli ni mwoga, hutaja ni wapi uoga huo unajitokeza, kisha hueleza ni nani waliomjaza uoga huo. Hoja ya pili ina ushahidi na ufafanuzi, na hapo ndipo alama zilipo.

Ukisoma kitabu kimoja cha ziada kila likizo, utavuna mara tatu. Utapata msamiati kwa ajili ya insha, utazoea kutambua mbinu za uandishi pasipo kukaririshwa, na utakuwa na wahusika wa kuzungumza nao mambo yatakapokuwa magumu. Faida hiyo ya tatu haimo katika mwongozo wa kusahihisha, lakini ndiyo itakayobaki nawe baada ya cheti.

Hitimisho

Wakati wa kuyauliza maswali haya ni sasa. Watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 watafanya mtihani wao mwaka 2027. Nao wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili mwezi Januari mwaka 2026, katika mtaala ambamo Fasihi ya Kiswahili ni somo linaloweza kuchaguliwa. Mwanafunzi atakayekuwa na hiari ya kuchagua fasihi ataichagua kwa sababu ya alichokionja. Tukimwonjesha orodha za sifa na umuhimu, ataenda kwingine, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Nimalizie pale nilipoanzia. Kesho yake nilimwita yule mvulana. Tuliketi chini ya mgunga nyuma ya maktaba, nikamwambia kwamba jana nilimjibu vibaya. Nikamuuliza, "Wewe unaonaje, asingeopolewa?" Alinyamaza kwa muda mrefu, akichora mchangani kwa kijiti. Kisha akasema kwamba baba yake alikuwa amemwonya kuwa akianguka tena, hakuna karo. Tuliongea hadi kengele ya jioni, na siku iliyofuata tukaenda pamoja kwa mwalimu wa ushauri nasaha. Mvulana huyo alimaliza shule. Hakupata alama za kuandikwa gazetini, lakini alimaliza.

Swali lake halikuulizwa katika karatasi yoyote ya mtihani mwaka ule. Nilikuwa sahihi katika hilo. Katika mengine yote nilikosea.

Maswali ya Marudio

1. Fafanua sifa nne za fasihi ya vijana, kisha uonyeshe jinsi mbili kati yake zinavyojitokeza katika kitabu kimoja ulichokisoma.

2. "Kusomwa na vijana hakutoshi kukifanya kitabu kiwe cha vijana." Jadili kauli hii kwa kutoa mifano.

3. Linganisha namna wahusika wawili vijana kutoka vitabu viwili tofauti wanavyokabiliana na kuachwa na wazazi.

4. Andika maswali matano ya hojaji utakayowapa wanafunzi wenzako kuhusu vitabu wanavyovisoma nje ya darasa. Hakikisha kuwa hakuna hata moja linaloelekeza jibu.

5. (Kwa mwalimu) Ni swali gani la mwanafunzi uliloliacha bila jibu muhula huu?